Siumwi popote: tunayoyaamini kimakosa kuhusu kinga na mageuzi ya huduma za afya

Mkono umelazwa juu ya meza, mkanda wa mashine ya presha unajaa hewa na kubana, kisha unaachia taratibu. Namba zinatokea: 172 kwa 104. Aliyeketi anazitazama, ananitazama mimi, halafu anasema maneno ambayo sisi wauguzi tumeyasikia mara zisizo na idadi: "Sista, mbona mimi siumwi popote?" Na anasema kweli. Presha inaweza kukaa juu hivyo miaka kumi bila kumsumbua, huku ikiuchosha moyo na kuharibu mishipa midogo ya figo na macho, mpaka asubuhi moja anaamka upande mmoja wa mwili umepooza.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.28, wa umri wa miaka 30 hadi 79, walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawakujua. Kwa hiyo kila nikisikia habari za mageuzi ya huduma za afya, swali langu la kwanza ni kama huyu asiyeumwa popote yumo kwenye mpango. Mara nyingi hayumo. Hata nchi za OECD, umoja wa kiuchumi ambao wanachama wake wengi ni nchi tajiri, kabla ya janga la Uviko-19, zilikuwa zikitenga kwa wastani chini ya asilimia 3 ya matumizi yao ya afya kwa ajili ya kinga.

Nataka fungu hilo liongezwe, tena liongezwe sana. Lakini hoja ya kinga imezingirwa na imani zisizo sahihi. Nyingine ni za wanaoipinga, nyingine ni zetu sisi tunaoitetea, na hizi zetu ndizo zinazoniuma zaidi kwa sababu zinatuangusha wenyewe.

Dhana: Kinga huokoa pesa kila mara

Hii ndiyo inayopendwa kwenye hotuba. Mwaka 2008 watafiti walioandika katika jarida la New England Journal of Medicine walipitia mamia ya hesabu za gharama na manufaa, wakakuta kuwa hatua za kinga zinazopunguza matumizi kwa jumla hazifiki hata asilimia 20. Nyingi huongeza gharama, ingawa huleta afya.

Sababu yake haina fumbo. Daktari hawezi kujua ni nani hasa kati ya watu mia wenye presha atakayepata kiharusi, kwa hiyo wote mia hupimwa na kupewa dawa kila mwezi, mwaka hadi mwaka, ili wachache waokoke. Na aliyeokoka akiwa na miaka 50 ataendelea kuishi, atazeeka, na siku moja atahitaji matibabu mengine. Mhasibu ataliona hilo kuwa ni gharama, lakini kwa watoto wake ni baba aliyebaki.

Zipo kinga zinazojilipa zenyewe, na chanjo nyingi za watoto zimo humo. Kampeni ya kutokomeza ndui iliyopamba moto mwaka 1967 iligharimu takriban dola milioni 300 hadi mwisho wake. Mwaka 1980 ugonjwa ukatangazwa kuwa umetokomezwa, na tangu hapo hakuna nchi inayolazimika kuchanja kila mtoto dhidi ya ndui.

Kosa liko kwenye kipimo tunachotumia. Hakuna anayemwambia daktari wa upasuaji wa moyo athibitishe kwanza kuwa upasuaji wake utaiachia serikali faida. Tunamuuliza kama unaleta uhai kwa gharama tunayoweza kuibeba. Utafiti huo wa 2008 ulionyesha kuwa katika kipimo hicho kinga na tiba hazipishani sana: zote zina hatua zenye thamani kubwa na zote zina upotevu. Tukiahidi akiba isiyokuja, siku bajeti itakapobanwa kinga ndiyo itakayokatwa mwanzo, na lawama zitakuwa zetu.

Dhana: Afya ni juu ya mtu mwenyewe, akijitunza inatosha

Katika miaka ya 1960 wanaume wa mashariki mwa Finland walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kwa viwango vilivyokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Mwaka 1972 ulianza mradi katika jimbo la North Karelia, chini ya daktari kijana, Pekka Puska. Hawakuishia kuwahubiria watu. Walikaa na vikundi vya wanawake, shule, wasindikaji wa maziwa na watengenezaji wa vyakula, wakapunguza mafuta ya wanyama na chumvi katika vile vile ambavyo watu walikuwa wakila kila siku, huku sigara ikibanwa. Katika miaka takriban 40 vifo vya ugonjwa wa moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 jimboni humo.

Sikatai kwamba juhudi ya mtu ina nafasi yake. Lakini anayetumia chumvi iliyotiwa madini joto hahitaji nidhamu yoyote ili asipate rovu. Uamuzi ulishafanywa kiwandani. Na mtoto anayevuta moshi wa sigara ya mtu mwingine amekosea nini? Moshi wa namna hiyo unakadiriwa kuua zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka.

Linganisha na programu za ustawi ambazo waajiri huwawekea wafanyakazi wao: mafunzo ya lishe, mashindano ya kutembea, zawadi kwa anayepunguza uzito. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio katika kampuni moja kubwa ya Marekani lililohusisha wafanyakazi karibu 33,000. Baada ya miezi 18, waliokuwa kwenye vituo vyenye programu walisema wanafanya mazoezi zaidi. Presha, lehemu, gharama za matibabu na siku za kukosa kazini havikuonyesha tofauti ya maana. Neno ustawi lisitumike kuupa jina la kinga mzigo aliotwishwa mfanyakazi.

Dhana: Vipimo vingi zaidi ndiyo kinga zaidi

Korea Kusini ilijifunza hili kwa uchungu. Watu waliokwenda kwenye uchunguzi wa saratani walianza kupimwa pia tezi ya thairoidi shingoni kwa mashine ya picha za mawimbi ya sauti, kwa nyongeza ndogo tu ya malipo. Kufikia 2011 saratani za tezi hiyo zilizokuwa zikigunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za 1993. Vifo havikushuka, vilibaki pale pale. Uvimbe mwingi uliogunduliwa ulikuwa mdogo mno, usingewahi kumdhuru mwenyewe, lakini wengi walikatwa tezi na kubaki wakimeza vidonge vya homoni maisha yao yote.

Kipimo kizuri ni kile ambacho jibu lake linafungua njia ya kitu chenye faida. Saratani ya mlango wa kizazi ni mfano ninaoushika kwa mikono miwili: dalili za hatari huonekana miaka mingi kabla ya saratani yenyewe, na zinaondolewa. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba kufikia 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kufikia umri wa miaka 35 na tena kufikia 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Hapo ningepeleka pesa kesho asubuhi.

Dhana: Kinga ni ya watoto na vijana, sisi imetupita

Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50 walionyesha kuwa anayeacha sigara akiwa na miaka 60 hupata takriban miaka 3 zaidi ya kuishi. Akiacha na miaka 40, hupata kama 9.

Dhana: Kuitanguliza kinga ni kuwanyima wagonjwa

Mtu mwenye VVU anayemeza ARV mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hiyo ni tiba au kinga? Dawa ya presha ninayompa mtu wangu wa 172 ni tiba ya presha na kinga ya kiharusi ndani ya kidonge kimoja. Kuzigombanisha hizi mbili kunafaa kwenye mdahalo. Kwenye kliniki zote mbili zinafanywa na watu wale wale, katika chumba kile kile.

Dhana: Kinachokosekana ni uhamasishaji tu

Mabango tunayo. Kinachokosekana ni muda na malipo yanayoulinda muda huo. Presha ikipimwa inavyotakiwa, mtu hukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, mkono wazi usawa wa moyo; kisha unapima, unasubiri kidogo, unapima tena. Kliniki inayolipwa kwa idadi ya vichwa dakika hizo haina. Mtu anapimwa akiwa bado anahema kutoka kwenye ngazi, anaandikiwa dawa, anaondoka.

Na dawa ya ugonjwa usiouma husahaulika upesi. Yule bwana wa 172 hakurudi mwezi uliofuata. Mwenzangu alitafuta namba yake kwenye daftari akampigia, akamsikiliza akieleza kwamba dawa zimekwisha na kwa kuwa alijisikia vizuri hakuona haja ya nyingine. Alikuja baada ya siku mbili. Tulimpima mara mbili, tukambadilishia dozi, tukampangia tarehe. Simu ile ilichukua dakika 4, na katika orodha ya huduma zinazolipwa na bima haimo.