Mita ya sumaku ya baiskeli si ya kizamani

"Fundi, hiyo ya sumaku ni ya kizamani, nataka ya GPS, haikosei." Hii ni mara ya ngapi wiki hii?

Inakosea. Pakiwa wazi, GPS inakuweka pale ulipo kwa makosa ya mita 3 hadi 5 hivi. Kwenye barabara iliyonyooka huyaoni. Sasa panda milima ya Amani, huku kwetu Tanga, kona juu ya kona chini ya miti: kifaa kinaunganisha nukta kwa mistari, kona zinakatwa, spidi inaruka kama panzi.

Sumaku haina habari na njia. Inahesabu mizunguko ya gurudumu, basi. Ikidanganya, umeidanganya wewe kwa kuingiza mzingo (urefu wa kulizunguka mara moja) wa tairi lisilo lako. Kwenye jedwali la saizi za tairi, 700x25 ni milimita 2105, 26x1.95 ni 2050. Acha 2105 kwenye tairi la 2050 uone: kilomita 40 zinasomeka 41 na ushee.

Kwa hiyo pima. Jaza upepo unaotumia siku zote, weka valvu chini kabisa, piga chaki sakafuni. Panda ukae kitini, mtu akushikilie, usogee mizunguko 3 kamili mpaka valvu irudi chini, piga chaki tena. Pima kati ya chaki mbili, gawa kwa 3. Sehemu ya kukaa ndiyo watu wanairuka, na ndiyo yenyewe: bila uzito wako tairi halibonyei, namba inatoka kubwa. Upepo ukipungua njiani namba inabadilika kidogo. Hilo sina dawa yake.

Sumaku kwenye spoku, sensa kwenye foku, kati yao milimita 2 au 3. Zikiachana sana, spidi inasoma sifuri. Zikikaribiana mno, zinagongana. Mita ikizimika kwenye matuta usikimbilie betri mpya. Hewa yetu ya chumvi inaotesha kutu kwenye vibati vya betri. Visugue kwa raba ya penseli. Zile rahisi zisizo na waya huchanganywa na taa za LED, ndiyo maana nauza za waya.

Mwinuko? Mita yenye kipima-hewa hukisia mwinuko kwa kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa: ukishuka, inadhani umepanda. Iache ufukweni Raskazone kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kanieneo hushuka saa hizo hata kusiwe na wingu, kama milibari 3, na kila milibari ni mita 8 hivi. Baiskeli imeegemea mnazi, imeshapanda mita 20 na kitu.

Kama safari zako ni Ngamiani na kurudi, usinunue kitu. Mazoezi, chukua ya waya. GPS nunua kwa ajili ya ramani, ukienda njia usizozijua, na uifungie sensa ya gurudumu.

Kalori msiniulize. Mita haijui hata kama umebeba gunia.