Figo ya nguruwe si uhandisi wa tishu

Tangu Machi 2024, madaktari wa Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston walipompandikizia mtu aliye hai figo ya nguruwe, jina "uhandisi wa tishu" limekuwa likibandikwa kwenye kila habari ya kiungo kipya. Figo ya nguruwe, uhandisi wa tishu. Mtu kapewa figo na dada yake, uhandisi wa tishu. Kliniki inawadunga watu magotini sindano za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, nayo imo. Juzi nimemsikia mtangazaji wa redio akimwambia msikilizaji mwenye mgonjwa wa figo nyumbani avute subira, kwa sababu sasa figo "zinatengenezwa maabara". Hilo limenitia wasiwasi kuliko mengine yote, kwa sababu kuna mtu anaweza kulifuata.

Maana yenyewe ni fupi. Uhandisi wa tishu ni kuchukua seli hai, kuzipa kiunzi cha kujishikiza, kuzilisha nje ya mwili mpaka zishikamane na kuwa tishu, kisha kuipeleka tishu hiyo mahali palipoharibika. Kiunzi huwa cha kolajeni, protini inayoshikanisha tishu za mwili, au cha plastiki inayoyeyuka mwilini kama zilivyo baadhi ya nyuzi za kushonea vidonda. Mara nyingine huwekwa kitupu, seli za mgonjwa zikaja kukijaza zenyewe. Jina lilienea baada ya makala ya Robert Langer na Joseph Vacanti katika jarida la Science mwaka 1993, ingawa kazi ilitangulia jina: ngozi iliyokuzwa maabara kwa njia ya Howard Green na James Rheinwald iliwaokoa watoto wawili, ndugu wa tumbo moja, walioungua karibu mwili mzima nchini Marekani mwaka 1983.

Sasa irudieni figo ya Boston. Ilikua ndani ya nguruwe, kama figo ya nguruwe yeyote. Walichofanya wanasayansi ni kuzifanyia jeni za mnyama huyo mabadiliko 69, ambayo 59 kati yake ni ya kuzima virusi vilivyojificha ndani ya jeni zenyewe, na mengine ni ya kuuzuia mwili wa binadamu usiikatae. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Lakini ni uhandisi wa jeni, ukafuatiwa na upandikizaji. Figo ile hakuna aliyeijenga. Muhimbili wamekuwa wakipandikiza figo tangu Novemba 2017, na hao nao hawajengi kitu: wanahamisha figo nzima kutoka kwa ndugu kwenda kwa mgonjwa. Ama sindano ya goti, seli zinadungwa bila kiunzi na bila kuumbwa kuwa kitu chochote. Tishu iko wapi hapo?

Kuchanganya jeni na tishu ni kosa la siku nyingi. Mwaka 1997 Charles Vacanti na wenzake walichapisha kazi ya panya aliyeota kitu kama sikio la binadamu mgongoni. Picha ilizunguka dunia nzima, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba panya yule alitiwa jeni za binadamu. Hakutiwa hata moja. Kiunzi kilichongwa kwa umbo la sikio la mtoto, kikapandwa seli za gegedu (tishu ngumu inayopinda, kama ile ya sikio) la ng'ombe, kisha kikashonwa chini ya ngozi ya panya ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu, ili asikikatae. Seli za binadamu hazikuwemo kabisa, wala sikio lile halikuweza kusikia. Lilikuwa gegedu lenye umbo.

Neno la kushika hapa ni "tishu". Kiungo kama figo ni tishu nyingi zilizopangwa pamoja, kila moja na kazi yake, na zote zinalishwa na damu. Seli hai haiwezi kukaa mbali na mshipa mdogo wa damu zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ikizidi hapo hukosa oksijeni, ikafa. Ndiyo maana yaliyofanikiwa mpaka sasa ni vitu vyembamba au vyenye mahitaji madogo: ngozi, gegedu la goti ambalo kwa asili halina mishipa ya damu, mabomba kama mishipa ya damu. Figo moja ina vichujio kama milioni moja, na kila kichujio kina fundo lake la mishipa. Mwaka 2011 mtafiti Anthony Atala alionyesha jukwaani kitu chenye umbo la figo kilichotoka kwenye mashine ya kuchapisha, na baadhi ya vyombo vya habari vikaripoti kuwa ni figo kamili. Taasisi yake ililazimika kufafanua kwamba ule ulikuwa mfano tu. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuwekewa figo nzima iliyojengwa maabara. Mwenye mgonjwa asiache kumpeleka kusafishwa damu, wala asiahirishe mazungumzo na ndugu walio tayari kutoa figo.

Nikitaka kuonyesha uhandisi wa tishu wenyewe, nitachukua mshipa wa damu wa kampuni ya Humacyte ulioidhinishwa Marekani Desemba 2024 kwa majeruhi walioharibikiwa ateri za mikono au miguu. Seli za misuli zilizotoka kwenye mishipa ya wafadhili, yaani watu waliotoa viungo, hupandwa juu ya wavu wenye umbo la bomba. Bomba hukaa wiki kadhaa ndani ya chombo, likilishwa na kuvutwavutwa kama linavyovutwa na mapigo ya moyo, kwa sababu seli za mshipa zisipovutwa hazitengenezi ukuta imara. Wavu unayeyuka polepole, huku seli zikifuma kolajeni yao wenyewe. Mwisho seli zote huoshwa zikatoka, ndiyo maana mshipa huo unaweza kuwekwa kwa mtu yeyote bila kukataliwa. Daktari anatoa jokofuni bomba la sentimita 42, upana milimita 6, analikata kwa kipimo cha jeraha na kulishona. Baadaye seli za mgonjwa huhamia humo. Kabla ya idhini hiyo ulikwisha kutumika kwa majeruhi wa vita Ukraine.

Jina hili pia limewahi kufunika maovu. Mwaka 2011 daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini alimwekea bomba la plastiki mahali pa koo la hewa mwanafunzi wa Kieritrea aliyekuwa akisoma Iceland, katika Hospitali ya Karolinska, Sweden, akidai kwamba seli za uboho zingeligeuza kuwa tishu hai. Plastiki ile haikuwa na mshipa hata mmoja wa damu. Mgonjwa alifariki mwaka 2014, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kuwadhuru wagonjwa watatu.

Januari 2025 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walichapisha habari ya mgonjwa mwenye moyo dhaifu waliyemwekea misuli ya moyo iliyokuzwa kutokana na seli shina, ikachanganywa na kolajeni. Miezi mitatu baadaye alipopata moyo wa mfadhili, misuli ile ilikutwa hai kwenye moyo wa zamani. Nimeona ikiitwa "moyo wa maabara". Ni kiraka, na hushonwa juu ya moyo ule ule wa mgonjwa ili kuusaidia kusukuma damu.