Serikali ikibana matumizi, ajira haziji zenyewe

Imani ya miaka mingi inasema serikali ikipunguza matumizi, sekta binafsi hupata nafasi ya kuajiri. Ina chembe ya ukweli: uchumi ukiwa umechangamka, serikali ikikopa mno riba hupanda na wafanyabiashara hukosa mikopo. Lakini uchumi ukidorora, kinachokosekana hasa ni wateja. Mkandarasi aliyenyimwa kazi ya barabara hupunguza vibarua, vibarua hupunguza manunuzi, na mwenye duka tuliyetarajia aajiri huona mauzo yakishuka. Huyo haongezi mtu hata akikopeshwa bila riba.

Mwaka 2010, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), ambalo mara nyingi lenyewe huzitaka nchi zibane bajeti, lilichunguza nchi tajiri. Likaona kubana bajeti kwa asilimia 1 ya pato la taifa hupunguza pato hilo kwa takriban asilimia 0.5 ndani ya miaka miwili, na ukosefu wa ajira huongezeka. Ugiriki ilikuwa na matatizo mengine pia, ila ilibana kuliko wengi, na mwaka 2013 zaidi ya robo ya nguvukazi yake haikuwa na kazi.