Rangi ya Mgongo Haimtaji Chura

Kila mvua ya kwanza inapopiga kati ya Mogotio na Marigat, kule Baringo, picha huanza kumiminika: chura mmoja, amepigwa kutoka juu, na swali ni lile lile. "Huyu wa kahawia ni aina gani?" Nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu. Kahawia si jina. Vyura wengi wa nchi kavu ni kahawia, na chura mmoja anaweza kuwa na rangi mbili kati ya mchana na usiku.

Mchukue Chiromantis, yule anayetaga ndani ya povu kwenye tawi lililoinamia maji. Mchana hukaa juani akiwa karibu mweupe kama chokaa, ili kupunguza joto. Usiku anashuka akiwa wa kijivu au kahawia. Anayefuata rangi atahesabu aina mbili. Hyperolius viridiflavus, chura mdogo wa matete, ndiye mgumu zaidi: wachanga huwa na mistari ya kahawia, majike wazima hupata rangi kali, na madume wengine hubaki na sura ya uchanga hata wakishakomaa. Wote watatu utawakuta kwenye unyasi mmoja. Kutoka mafunjo ya Kisumu hadi mabwawa ya Nakuru, madoa na mistari hubadilika kiasi kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama ni aina moja au kadhaa. Vitabu huchora mstari safi kwenye ramani. Bwawani mstari huo hauonekani.

Anzeni na jicho. Mboni ya Kassina senegalensis imesimama wima. Ya Hyperolius, ya Ptychadena (mrukaji mwenye pua ndefu), ya Tomopterna na ya vyura wa vinundu wa jenasi (kundi la aina za karibu) ya Sclerophrys imelala. Hapo tayari umepunguza majina. Lakini gizani mboni hutanuka, na hata ya Kassina huonekana ya mviringo. Mmulike sekunde chache isinyae, ndipo upige picha. Kassina pia hutembea na kukimbia badala ya kuruka, na hilo peke yake linatosha kumshuku.

Kisha mgeuze mguu wa nyuma. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Tomopterna ni mfupi, mnene, ana vinundu mgongoni, kwa hiyo kila mtu humwita Sclerophrys. Tazama nyuma ya macho: Sclerophrys ana tezi mbili ndefu zilizovimba, Tomopterna hana. Tazama wayo: Tomopterna ana kinundu kigumu kilichobapa kama jembe dogo, na kwa hicho hujichimbia kinyumenyume. Hemisus marmoratus naye ni mchimbaji, ila huchimba kwa kichwa. Pua yake ni ngumu na imechongoka, na ukishaishika huwezi kumchanganya na mwingine.

Ukimpata Tomopterna usishangilie mapema. T. cryptotis na T. tandyi hawatofautiki kwa macho. Tandyi ana seti nne za kromosomu, cryptotis ana mbili, na kinachowatenganisha porini ni mlio wa dume. Picha nzuri kiasi gani haitasaidia. Andika Tomopterna sp., yaani jenasi bila jina la aina, uendelee.

Kwa Sclerophrys, mnyooshe paja. Wekundu nyuma ya paja hukuelekeza kwa S. gutturalis au S. garmani. Sasa tazama usoni: gutturalis ana madoa meusi kwenye pua na juu ya macho yanayoacha msalaba mweupe katikati, garmani hana msalaba huo. Wakiwa wadogo alama hizi huwa hafifu au hazipo, na ufunguo wa kitabu, yale maswali ya kutambulia aina hatua kwa hatua, hukwama hapo bila kukuambia kwamba umekwama.

Sauti hushinda haya yote. Kassina hutoa tone moja linalopanda, kama kiputo cha maji kinachopasuka. Gutturalis hukoroma. Garmani hutoa mlio mmoja mfupi wenye nguvu, hunyamaza, halafu hurudia. Hemisus huvuma mfululizo hadi watu humdhania nyenje. Rekodi kwa simu dakika nzima ukiwa mita moja au mbili, na mwishoni useme tarehe, mahali na joto la hewa, maana kwenye baridi milio huenda polepole. Ukifika wakanyamaza, zima tochi, tulia dakika tano. Kumpata anayelia, watu wawili wasimame mbalimbali, kila mmoja amulike anakosikia sauti. Miale inapokutana ndipo alipo. Tochi iwe karibu na jicho lako, ndipo macho yake yang'ae. Vidoto vidogo vya buluu-kijani kama umande ni buibui.

Mahali pa kutafuta: si ufuo wa Bogoria wala Elementaita. Maji yale ni ya magadi. Nendeni kwenye silanga, mashimo ya matofali, mitaro ya barabara, hata nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Dimbwi la muda ni bora kuliko bwawa la kudumu, kwa kuwa halina samaki wa kula mayai. Usiku wa kwanza hadi wa tatu baada ya mvua kubwa, kuanzia saa moja jioni hadi saa tano, ndio wenyewe. Ukichelewa wiki moja utakuta kimya na viluwiluwi.

Wakati wa kiangazi hawajafa. Wamejichimbia, au wako chini ya hori linalovuja, chini ya magogo, ndani ya vichuguu. Geuza gogo likielekea kwako, ili kilicho chini kitoke upande wa pili, na usitie mkono shimoni kamwe: bafe na swila hutafuta baridi hiyo hiyo. Ufuo wa Ziwa Baringo usiku ni wa viboko na mamba, uachieni wao. Miiba ya mti wa mathenge hutoboa soli, vaeni gambuti nene.

Kumshika mnyama pori, hata kumgeuza mguu au kumnyoosha paja, kunahitaji kibali, na picha ya jicho au ya mgongo haihitaji kumshika. Mwenye kibali alowanishe mikono kwanza, asiwe amejipaka dawa ya mbu, na aweke chura mmoja kwa mfuko. Phrynomantis, yule mweusi mwenye michirizi myekundu, hutoa utomvu unaoweza kuua wenzake mfukoni. Mrudishe palepale, usiku uleule. Kabla ya kwenda bwawa jingine, safisha matope kwenye viatu, vipake klorini ya dukani sehemu moja kwa tisa za maji, kisha suuza mbali na maji. Kuvu anayeua vyura, aitwaye Batrachochytrium, yuko Kenya, na husafiri kwa tope.

Kwa hiyo mkiniuliza, tumeni jicho kutoka ubavuni, kwa mwenye kibali pia nyuma ya paja, wayo wa mguu wa nyuma na tumbo, mgongo mwisho kabisa, pamoja na rula na sauti. Kama ni kile kidogo cha sentimita mbili au tatu, kahawia, ukingoni mwa tope, yaani Phrynobatrachus, sauti iwe ya kwanza. Bila hiyo nitaandika Phrynobatrachus sp., na nitaacha hivyo.