Bandari usiyoijua: subiri nje kwanza

Mtu akiniuliza aingie bandari ya Kilifi na chombo chake saa ngapi kwa mara ya kwanza, namjibu saa tatu au saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo mlango wa mwamba (pengo la kupitia kati ya miamba) unauingia ukielekea magharibi. Asubuhi rangi ya maji inakuonyesha njia: buluu nzito ni kina, kijani hafifu ni mchanga, hudhurungi ni mwamba. Saa kumi alasiri jua linakupiga usoni, bahari yote inang'aa kama bati. (Mji Mkongwe wa Unguja ni kinyume, unatazama magharibi.) Miaka yangu ya mwanzo nilipanda fungu la mchanga saa kama hiyo ya alasiri, ramani nzuri ikiwa mkononi. Maji yalikuwa yanajaa, nayo ndiyo yaliyoniinua.

Tangu siku ile naangalia mwezi kabla ya upepo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hapa kwetu hukupwa saa nne au saa tano asubuhi, saa ile ile unayoitaka. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni kama mita 1 tu, na saa hizo ndizo yanapojaa. Mgeni, ukiweza, ngojea siku hizo.

Nje ya mlango nasimama. Naita kwa redio, naulizia gati langu, kina chake maji yakikupwa, na urefu wa daraja au nyaya za umeme zinazokatiza hori (mkono wa bahari unaoingia bara). Ukiingia, boya jekundu liwe kushoto, la kijani kulia. Waliozoea Marekani wakumbuke kwamba kwao ni kinyume. Hapo hapo najaribu kurudi nyuma nione tezi (nyuma ya chombo) inavutwa upande gani, kwani rafadha, lile panga la injini majini, haikosi kuivuta. Dapra (vikingio vya ubavu) na kamba naziweka pande zote mbili, maana gati nililoambiwa huenda nikalikuta lina chombo.

Kisha naingia taratibu, omo (mbele ya chombo) ikikabili upepo au mkondo, ule wenye nguvu zaidi. Kamba ya kwanza natoa ya katikati ya chombo. Ukianza na ya omo, tezi hufunguka kama mlango ikamgonga jirani. Ya katikati ikishafungwa fupi, tia gia ya mbele polepole, usukani ukiwa umegeuziwa mbali na gati. Chombo kitalala ubavuni pa gati, nawe utazifunga zilizobaki bila kukimbizana.