Mjumbe hauawi, na mateka si wa kuchezewa

Tangu mapigano ya Goma, mashariki mwa Kongo, ya Januari 2025 tumekuwa tukipokea malalamiko na maswali mengi kuhusu video za vita zinazozunguka kwenye simu. Askari aliyetekwa anaketishwa chini mbele ya kamera, anaulizwa jina, kabila na kikosi chake, huku nyuma watu wanacheka. Muda si mrefu video hiyo iko Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura, na kila anayeipokea anaongeza neno lake. Wapo wanaotuandikia kuuliza kama kuisambaza ni kosa. Wengine, na ndio wengi, wanatuuliza tunajisumbua na nini: vita ni vita, na vitani hakuna maadili.

Makala haya ni ya hao wa pili, ingawa hao wa kwanza nao watapata jibu lao kabla sijamaliza. Mimi ni mwanasheria. Kwa miaka mingi nimefundisha sheria za vita kwa wanajeshi wanaojiandaa kwenda kulinda amani, na kwa vijana wanaojitolea katika huduma za dharura. Taasisi yetu haisemi nani ana haki katika vita vyovyote vinavyoendelea, nami sitasema. Naomba msomaji asitafute upande wowote katika maneno yangu. Mikataba minne ya Geneva ya 1949 na itifaki zake (nyongeza) za 1977, yaani makubaliano ya nchi kuhusu kuwalinda majeruhi, mateka na raia vitani, sitaieleza kifungu kwa kifungu.

Kauli ninayokutana nayo kila ninapokwenda ni kwamba hizi ni sheria za Wazungu. Nakiri inanichosha, kwa sababu anayeitamka huwa amelelewa na methali isemayo mjumbe hauawi. Hiyo ni nini kama si sheria ya vita? Mjumbe ametoka kambi ya adui. Akirudi atasimulia alichokiona kwenu: idadi ya watu, hali ya chakula, nani anaumwa. Kumuua kungekuwa na faida, na bado wazee wakasema hauawi. Kanuni za The Hague za 1907, ambazo nchi zilikubaliana kuhusu vita vya nchi kavu, zinasema jambo lile lile kwa maneno marefu zaidi: anayekuja na bendera nyeupe kuzungumza kwa niaba ya upande wake haguswi. Zinaongeza tu kwamba kamanda halazimiki kumpokea kila mara, na kwamba mjumbe akiitumia nafasi hiyo vibaya anaweza kuzuiwa kwa muda. Kuzuiwa, si kuuawa.

Wasomali wana jina kwa ajili ya watu ambao mkuki hauwagusi, biri-ma-geydo, na ndani yake wamo wanawake, watoto, wazee, wagonjwa, wageni, watu wa dini na wajumbe wa amani. Waislamu wa pwani wamesikia tangu chuoni wasia wa Abubakar Swidiq kwa kamanda aliyekuwa akielekea Sham: usiue mwanamke, mtoto wala mzee, usikate mti wenye matunda, usichinje mbuzi wala ngamia ila kwa kula. Henry Dunant, raia wa Uswisi, alipowaona majeruhi wa mapigano ya Solferino, Italia, mwaka 1859 na kuanza harakati zilizozaa mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1864, alikuwa anaandikisha kwenye karatasi jambo ambalo watu wengi duniani walikwisha kuliamini.

Hata hivyo, kinyongo kilichomo katika kauli ya sheria za Wazungu kina mzizi wa kweli, na si haki kukiruka. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jeshi la kikoloni la Kijerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi yetu, Tanzania, ili njaa imalize kilichoshindikana kwa risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa bunduki. Wakati huo Ujerumani ilikwisha kuridhia Mkataba wa The Hague wa 1899 kuhusu sheria za vita vya nchi kavu. Lakini mkataba ule ulizifunga dola wanachama zinapopigana zenyewe kwa zenyewe. Wangoni, Wamatumbi na Wapogoro hawakuhesabiwa. Sheria ilikuwapo, ila mlango wake ulifungwa usoni mwao.

Iliwachukua wakubwa wa dunia hadi 1977 kuandika wazi kwamba kuwaua raia kwa njaa ni njia ya vita iliyokatazwa, pamoja na kuharibu mazao, mifugo na visima vinavyowaweka hai. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, wakakubaliana kwamba kosa hilo liwe jinai hata katika vita vya ndani ya nchi, ingawa badiliko hilo linazifunga nchi zilizoliridhia tu. Na Rais Steinmeier wa Ujerumani aliposimama Songea Novemba 1, 2023 na kuomba msamaha, ndugu wa waliozikwa pale hawakuwa wameshika kifungu cha sheria mkononi. Walijua tangu enzi za mababu zao kwamba kuchoma ghala la mtama la mtu asiyeshika silaha ni dhuluma. Maadili yalitangulia, sheria ikayafuata ikiwa imechelewa miaka sabini. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema maadili na vita havikutani. Yasingekutana, sheria hizi zingetoka wapi?

Lipo kosa la upande wa pili pia, la kudhani kila raia akifa vitani basi jinai imetendeka. Sivyo. Sheria inamtaka kamanda atofautishe raia na mpiganaji, achukue tahadhari, na aache shambulio ambalo madhara yake kwa raia yanatarajiwa kuzidi faida ya kijeshi inayopatikana. Inakubali kwamba raia wanaweza kufa bila mtu kuwa na hatia. Jambo hili huwauma watu, na linaniuma hata mimi. Lakini sheria ambayo hakuna jeshi lingeweza kuitii isingemlinda hata mtu mmoja.

Nieleze kitu nilichokiona kwa macho yangu. Katika zoezi moja la mafunzo tulimlaza askari chini ya mwembe, mkono tumboni, akijifanya adui aliyejeruhiwa. Bunduki ya mbao ilikuwa hatua moja kutoka alipo. Sajenti aliyeongoza kikundi alinigeukia. "Mwalimu, huyu dakika tano zilizopita ameniulia rafiki. Nimfanye nini?" Nikamwambia aseme yeye. Alinyamaza, akamwendea yule mtu, akaisukuma bunduki mbali kwa mguu, akapiga goti, akafungua vifungo vya shati kutafuta jeraha. Alipoinuka akasema, "Nimeanza na bunduki, mwalimu, maana asingeiachia angekuwa bado anapigana." Sheria yote kuhusu majeruhi ilikuwa imekaa katika mguu ule na goti lile. Aliyeacha kupigana, kwa kujisalimisha au kwa kuumia, ametoka vitani, mradi asifanye kitendo cha uadui wala kujaribu kutoroka. Kama alitenda jinai kabla ya hapo, itajibiwa mahakamani.

Wanajeshi huwa wananielewa haraka kuliko raia, na sababu ni ya kikazi. Adui anayejua kwamba akinyoosha mikono atauawa atapigana hadi risasi ya mwisho, na gharama yake mtailipa ninyi. Jeshi linaloruhusiwa kupora leo halitatii amri kesho. Kwa hiyo sidai kwamba maadili pekee yanatosha kumzuia mtu mwenye hofu na silaha. Yanashikiliwa na nidhamu, na masilahi, na woga wa adhabu. Na wala haisaidii kusema "mbona wao hawafuati". Sheria hii haina masharti ya nipe nikupe: upande mmoja kuua mateka hakuupi upande wa pili ruhusa ya kuua wake.

Sasa adhabu, maana hapa ndipo maswali huja yakiwa yamepinda. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai iliyoko The Hague, ICC, inashtaki mtu mmoja mmoja, si nchi wala jeshi. Haichukui nafasi ya mahakama za nyumbani. Inaingia pale tu nchi husika haitaki au haiwezi kuendesha kesi kwa dhati. Suala hufika huko kwa njia tatu: nchi mwanachama kulipeleka, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kulipeleka, au Mwendesha Mashtaka kuanza mwenyewe kwa idhini ya majaji. Mwananchi hafungui kesi ICC. Anaweza kutuma taarifa kwa ofisi ya Mwendesha Mashtaka, basi. Tanzania, Uganda na Kongo ziliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, Kenya 2005. Rwanda haijajiunga. Burundi ilijitoa Oktoba 2017, lakini kujitoa hakufuti wajibu wa kipindi ilichokuwa ndani.

Kifungo ni hadi miaka 30, au cha maisha pale ambapo uzito wa kosa unastahili. Inaweza kuongezwa faini, na kunyang'anywa mali iliyotokana na uhalifu huo. Adhabu ya kifo haipo. Makosa hayo hayaozi kwa kupita miaka, na cheo hakikingi, hata cha urais. "Niliamriwa" ni utetezi tu pale ambapo mambo matatu yapo kwa pamoja: mtu alibanwa na sheria kutii, hakujua kwamba amri ni haramu, na uharamu wake haukuwa wazi. Likikosekana moja, utetezi umeanguka. Amri ya kufanya mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu inahesabiwa kuwa haramu waziwazi, hakuna mjadala. Na kamanda anajibu kwa matendo ya walio chini yake kama alijua, au alipaswa kujua, na hakuzuia wala kuchukua hatua.

Bogoro, kijiji cha Ituri mashariki mwa Kongo, kilishambuliwa Februari 24, 2003. Kambi ya kundi lenye silaha ilikuwa katikati ya makazi, kwenye eneo la shule, na raia waliokimbilia humo waliuawa pamoja na wengine waliokamatwa wakikimbia. Mifugo ilichukuliwa. Mabati yaling'olewa kwenye mapaa. Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, alihukumiwa na ICC miaka 12 mwaka 2014. Mathieu Ngudjolo, aliyeshtakiwa kwa shambulio lile lile, alikuwa ameachiwa huru mwaka 2012 kwa sababu ushahidi haukufika kiwango kinachotakiwa, na watu wengi hadi leo wanaliona hilo kama dhihaka. Silioni hivyo. Mahakama isiyoweza kumwachia mshtakiwa haina haki ya kumfunga mwingine. Mwaka 2017 majaji waliwatambua waathirika 297 na kuamuru kila mmoja alipwe dola 250, pamoja na msaada wa pamoja wa makazi, elimu, shughuli za kujipatia kipato na ushauri wa kisaikolojia. Majaji wenyewe waliuita mchango wa ishara. Dola 250 kwa mtu aliyepoteza nyumba, ng'ombe na mzazi ni kidogo, na mtu wa taasisi kama mimi hapaswi kuona haya kulisema.

Sheria haikuizuia Bogoro. Lakini viongozi wengine wa makundi yenye silaha wamehukumiwa na ICC: Bosco Ntaganda wa Kongo amefungwa miaka 30, Thomas Lubanga, naye wa Kongo, alifungwa 14 kwa kuwaingiza watoto jeshini na kuwatumia vitani, na Dominic Ongwen wa kundi la LRA la Uganda 25. Kabla ya haya, kamanda wa msituni hakuwa na sababu ya kufikiria The Hague. Sasa wapo wanaofikiria, na ninapofundisha huwa nawaona wanavyokaa sawa kwenye viti nikifika kwenye majina hayo.

Nipitie haraka kosa la wakati wa amani linaloumiza wakati wa vita: maduka ya dawa yanayopaka msalaba mwekundu. Msalaba mwekundu kwenye ardhi nyeupe si alama ya dawa wala ya zahanati. Ni alama inayomwambia mwenye silaha asipige, sawa na hilali nyekundu na fuwele nyekundu, na Mkataba wa Kwanza wa Geneva unawakataza watu binafsi na kampuni kuitumia. Tumeshawaandikia wenye maduka mara nyingi. Pakeni msalaba wa kijani. Alama ikizoeleka kwenye kila kibanda, siku ya hatari haitamlinda mtu wa gari la wagonjwa.

Nirudi kwenye video. Mkataba wa Tatu wa Geneva unataka mateka alindwe dhidi ya matusi na dhidi ya kufanywa kitu cha kutazamwa na umma. Katika vita vya ndani, ambavyo havina mateka wa vita kwa maana kamili ya kisheria, Kifungu cha 3 kilichomo katika mikataba yote minne kinakataza kumdhalilisha mtu aliyeshikwa. Wajibu huo ni wa anayemshikilia, kwa hiyo wewe uliye Mbagala hutaitwa The Hague kwa kuisambaza. Lakini udhalilishaji ule unahitaji watazamaji ili ukamilike, na kila anayeituma mbele anawaongeza. Huyo kijana ana mama, na mama naye ana simu.

Usiisambaze, ila pia usiifute kabla ya kufikiri. Mwaka 2017 ICC ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud Al-Werfalli, kamanda wa Libya, kwa mauaji ya watu 33, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa video zilizowekwa mitandaoni. Kwa hiyo kama uliyonayo inaonyesha mtu aliyetekwa akipigwa au kuuawa, ihifadhi kama ulivyoipokea. Usiikate, usiiongezee maandishi wala muziki, usiirekodi upya kutoka kwenye kioo cha simu nyingine. Andika pembeni uliipata lini, kutoka kwa nani, na kama aliyekutumia alikuwapo. Usiandike majina kwenye kundi la WhatsApp. Kisha ipeleke kwa mwanasheria au shirika la haki za binadamu unaloliamini, na umwambie aliyekutumia asiifute ya kwake, maana nakala iliyo karibu zaidi na mpiga picha ndiyo wachunguzi wanayoitafuta kwanza.