Je, wajua kwa nini tezi ya shingo huweza kukataa kutulia?

Mwaka 1988 mwanariadha wa Marekani Gail Devers alikwenda Olimpiki ya Seoul akiwa mmoja wa wakimbiaji hodari wa nchi yake, lakini mwili ukamgomea. Alikonda, nywele zikakatika, nguvu zikamwisha. Jina la ugonjwa wake lilikuja kujulikana mwaka 1990: ugonjwa wa Graves, ulioitwa hivyo kwa heshima ya Robert Graves, daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835.

Shida huanzia kwenye tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo. Homoni zake ndizo zinazopanga mwili uende kasi gani: moyo, joto, tumbo, hata usingizi. Tezi hii haijiamulii. Hupokea amri kutoka tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo, kupitia homoni iitwayo TSH. Sasa, katika ugonjwa wa Graves, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoshika vipokezi vilevile vya TSH na kuviamsha. Ni kama barua ya kughushi yenye mhuri halali: tezi inaipokea na kutii. Pituitari ikiona homoni zimezidi huacha kutuma amri, lakini zile za kughushi zinaendelea kufika usiku na mchana.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa na majibu ya maabara. TSH yao iko chini kabisa, wakadhani tezi imelala. Kumbe imeshuka kwa sababu homoni za thairoidi, T4 na T3, zimejaa kwenye damu.

Mgonjwa hula vizuri na bado anakonda. Moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi, mikono inatetemeka, joto halimwachi, na hedhi inaweza kuvurugika. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, mara nyingi kati ya miaka 30 na 50. Inaniuma kwamba kwetu mtu akikonda ghafla minong'ono humfika kabla ya vipimo. Na akiota rovu, yaani uvimbe wa tezi hii shingoni, ataambiwa aongeze chumvi yenye madini joto (ayodini). Ni kweli upungufu wa madini hayo umeleta marovu mengi katika nyanda zetu za juu, ila rovu la Graves lina chanzo kingine, na kuzidisha madini joto kunaweza kulichochea zaidi.

Macho nayo hutoka kwa sababu ileile: kinga hushambulia nyama na mafuta ya nyuma ya jicho, vikavimba. Kwa kuwa tundu la jicho ni la mfupa, jicho husukumwa mbele. Sigara huzidisha hali hiyo sana, kwa hiyo mgonjwa anayevuta ana sababu kubwa ya kuacha leo.

Matibabu huanza kwa dawa kama kabimazoli, inayozuia tezi kutengeneza homoni mpya. Usikate tamaa usipoona nafuu wiki ya kwanza, maana tezi ina akiba ya homoni ya wiki kadhaa na lazima iishe kwanza. Katika kungoja huko daktari anaweza kukupa propranololi kutuliza moyo na mtetemeko. Mwambie kama una pumu. Dawa hutumiwa kwa kawaida miezi 12 hadi 18, na kwa wengi ugonjwa hurudi baada ya kuziacha. Kuna hatari moja, adimu lakini kubwa: chembe nyeupe za damu kuporomoka. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa au koo likauma, acha dawa na uende ukapime damu siku hiyohiyo.

Dawa zisipotosha, kuna upasuaji wa kuondoa tezi, au kumeza ayodini yenye mionzi. Tezi huinyonya kama ayodini ya kawaida, kisha mionzi huua chembe zake taratibu. Mjamzito na anayenyonyesha hawapewi. Baada ya njia hizi wengi hubaki na homoni chache mno, wakameza levothairoksini, homoni ya thairoidi ya vidonge, kila siku maisha yao yote.

Devers naye alitibiwa kwa mionzi. Miguu ilimvimba vibaya hadi ikazungumzwa habari ya kuikata. Agosti 1992, huko Barcelona, alishinda dhahabu ya mita 100.